Vidole havifungi taitai, na dawa ni moja kwa nyumba nzima

Asalaam aleykum Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Tumbe, Pemba, na mume wangu, watoto wetu watatu, mavyaa na shemegi yangu ambaye hajaoa. Kazi yangu ni mwani. Bamvua likiingia tunashuka pwani, tukirudi tunakaa kivulini tunafunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba. Kazi hii niliianza kabla sijaolewa na sijapata kuichoka.

Kitinda mimba wangu ana mwaka na mwezi mmoja, bado ananyonya. Alipokuwa na miezi minne hivi nilianza kuamka vidole vimekakamaa. Mwanzo nilidhani nimeulalia mkono, lakini ilikuwa mikono yote miwili, na kesho yake vilevile. Sasa viungo vya vidole vimevimba, na vifundo vya mikono pia. Asubuhi nikiteremka kitandani nyayo zinaniuma kama nakanyaga changarawe. Mpaka saa nne ndipo mikono inaanza kukubali. Kukamua tui siwezi. Vifungo vya shati la skuli vya mtoto wa pili anamfunga dada yake. Wenzangu wakimaliza kamba tatu mimi bado nahangaika na moja, na nimechoka mwili mzima hata kama sikufanya kazi.

Mavyaa anasema hiyo ni baridi ya uzazi, kwa sababu niliingia pwani kabla ya arubaini kutimia. Ni kweli niliingia. Mume wangu wakati ule hakuwa na kibarua na nyumba ilikuwa haina kitu. Kila nikilalamika nakumbushwa siku ile.

Yeye mwenyewe anaumwa goti la kulia miaka mingi. Shemegi naye, dole gumba la mguu lilimvimba usiku mmoja tumetoka harusini, hata shuka haikuweza kumgusa. Baada ya wiki likapoa, kisha limeshamrudia tena. Sasa sote watatu tunatumia dawa moja. Mavyaa huinunua duka la dawa, vidonge vya rangi mbili vimetiwa mfuko mmoja wa nailoni bila ya jina. Wallahi Shangazi vinafanya kazi: mimi siku ya pili tu nilifunga kamba. Nikiacha siku tatu maumivu yanarudi yale yale. Mavyaa anavitumia tangu Mfungo Mosi na hajapumzika. Watu wanamsifu kuwa amenawiri, uso umejaa, ila yeye analalamika tumbo linamchoma.

Kituo cha afya nilikwenda mara moja, nikapewa vidonge vya maumivu nikarudi. Sasa mavyaa anataka Ijumaa anipeleke kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji, akanichanje kwenye viungo, na mume wangu anasema nimridhie mama. Nataka kujua: ni kweli nimejitakia mwenyewe? Niache pwani? Na binti zangu watairithi?

Ni mimi, Aliyefungika Vidole, Tumbe


Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nianze na hilo la arubaini, maana naona linakuuma kuliko vidole vyenyewe. Hukujitakia. Maji ya bahari hayaingii katika viungo yakakaa humo. Baridi hukifanya kiungo chenye maradhi kiwe kigumu zaidi, ndiyo maana siku za upepo wa kusi unaona hali imezidi, lakini haiyaanzishi maradhi. Hata hivyo mavyaa wako kuna jambo ameliona vizuri: yameanza baada ya uzazi. Wakati wa mimba kinga ya mwili hubadilika ili imvumilie mtoto aliyemo tumboni. Mtoto akishatoka, kinga hurudia nguvu zake, na kwa baadhi ya wanawake, ndani ya mwaka wa mwanzo, humgeukia mwenye mwili. Ungekaa ndani siku 100 umefunikwa mablanketi, yangekufuata huko huko.

Kwa barua siwezi kukuambia una maradhi gani. Hiyo ni kazi ya daktari atakayekushika mikono. Lakini umeandika mambo ambayo yeyote aliyewahi kuhudumia wagonjwa wa viungo angesimama hapo: mikono yote miwili kwa wakati mmoja, viungo vidogo vya vidole, vifundo vya mikono, nyayo, uchovu usio na sababu. Na zaidi ya yote, hiyo saa nne asubuhi. Wagonjwa wengi wakiulizwa husema tu "naumwa", wakapewa dawa ya kuumwa. Wewe taja saa. Kiungo kinachokaza asubuhi kikalegea ndani ya nusu saa kina habari yake, na kinachokaza saa nzima na kupindukia kina habari nyengine kabisa. Wako unachukua asubuhi nzima.

Ninachokishuku ni baridi yabisi yenyewe hasa, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia utando laini uliozunguka kiungo. Utando ule huvimba, hujaa maji, na ukiachiwa huanza kula gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na ncha zenyewe. Huwapata wanawake mara mbili hata mara tatu kuliko wanaume, na wengi huwaanza wakiwa na nguvu zao kama wewe, si uzeeni. Ndio sababu sikupenda kusikia umepewa vidonge vya maumivu ukarudi. Dawa ya maumivu hunyamazisha, lakini mla mifupa anaendelea kula. Miezi ya mwanzo ndiyo ambayo tiba inafaa zaidi, kwa kuwa kidole kikishapinda hakuna kidonge cha kukinyoosha. Wewe umeshapoteza kama miezi tisa. Usingoje vuno la karafuu lipite.

Sasa niingie nyumbani kwenu. Unisamehe, nilicheka kidogo, maana chini ya bati moja mmekusanya maradhi matatu tofauti, mkayatibu kwa mfuko mmoja wa nailoni. Maradhi ya viungo yanayojulikana yanapindukia 100, na haya ya kwenu hayana undugu ila kuuma.

Goti la mavyaa, kama ni moja, la miaka mingi, linauma akitembea na kupanda ngazi, linapoa akipumzika, na asubuhi linakaza kwa dakika chache tu, basi hilo ni la kuchakaa. Gegedu limepungua. Umri upo, uzito upo, na huenda aliwahi kuumia goti hilo zamani. Dawa yake kubwa haiuzwi dukani. Kwanza ni uzito: kila kilo moja anayoipunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Pili ni misuli ya paja. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mbele, auzuie hapo mpaka ahesabu tano, aushushe taratibu, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wazee hunidharau nikiwaambia hivyo, wanataka sindano. Baada ya wiki kadhaa huwa hawanidharau tena. Mkongojo aushike mkono wa kushoto, kwa kuwa goti bovu ni la kulia; wengi huushika upande ule ule wa maumivu na hausaidii. Aswali kwenye kiti bila ya haya, sharia imemruhusu mgonjwa. Na kama choo chenu ni cha kuchutama, seremala awatengenezee kiti cha mbao chenye tundu. Kuchutama na kuinuka ndiko kunakolimaliza goti la mzee kuliko safari ya sokoni.

Shemegi yako ananukia jongo, wengine huliita gauti. Dole gumba, usiku, ghafla, shuka haigusiki, kisha linapoa lenyewe: mara chache hukosea. Ni asidi ya yuriki iliyozidi katika damu ikaganda kuwa chembe kali ndani ya kiungo. Nyama nyekundu kwa wingi, maini, figo, dagaa, soda na juisi za sukari nyingi huichochea, na pombe kwa wanaokunywa. Biriani ya harusi haikumletea maradhi, imeyafichua tu. Anywe maji ya kutosha, hasa akitoka baharini amekauka, na apimwe asidi hiyo pamoja na figo na presha. Akiwa anatumia vidonge vya presha vya kukojoa, amwambie daktari, kwa sababu baadhi yake huipandisha. Ipo dawa ya kila siku ya kuishusha, alopurinoli, lakini hiyo hupangwa na daktari na kuanzwa kidogo kidogo. Si ya kuazimana.

Huo mfuko wa nailoni sasa. Sijauona, ila nimeona ndugu zake wengi. Mara nyingi kidonge kimoja ni diklofenaki, dawa ya maumivu, au jamaa yake, na cha pili ni prednisoloni au deksamethasoni, yaani steroidi. Ndiyo maana ulifunga kamba siku ya pili. Steroidi hutuliza uvimbe wowote, awe na baridi yabisi, awe na jongo, na huo ndio udanganyifu wake: kila mmoja nyumbani anaona dawa ni yake. Daktari naye huitumia, kwa kipimo, kwa muda mfupi, huku tiba yenyewe ikisubiriwa kushika. Ya mfukoni haina kipimo wala mwisho. Ikitumika miezi hupandisha sukari na presha, huifanya mifupa iwe mepesi kuvunjika, hudhoofisha kinga, na hujaza uso ukawa wa mviringo. Mwanangu, uso wa mavyaa wako huenda haukunawiri. Huenda umevimba kwa dawa. Na tumbo linalomchoma huenda ni dalili ya kidonda cha tumbo kinachochimbwa na hiyo diklofenaki, ambayo pia huziumiza figo, na ikikutana na steroidi madhara ya tumbo huzidi. Akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, ni spitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Lakini sikiliza hapa vizuri: asivikatishe ghafla kesho asubuhi. Mwili uliokula steroidi kwa miezi husahau kutengeneza ya kwake, na ikikatwa ghafla mtu anaweza kuanguka, presha ikashuka vibaya. Achukue mfuko ule ule, ampelekee daktari, apunguziwe kwa hatua. Na wewe vivyo hivyo, sema umetumia kwa muda gani na mara ngapi. Unga na mafuta ya "asili" ya viungo yanayouzwa bila ya lebo nayo nenda nayo yaonwe. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi.

Utakapokwenda, anzia Micheweni au Wete, lakini uombe rufaa ya daktari wa maradhi ya ndani, iwe Chake Chake, iwe Abdalla Mzee kule Mkoani, au uvuke mpaka spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Mabingwa wa viungo hasa ni wachache nchini kwetu, ila daktari wa maradhi ya ndani anaijua kazi hii. Nenda asubuhi, mikono ikiwa imevimba. Mgonjwa akifika mchana vidole vimelegea na daktari haoni anachoambiwa. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha ya mikono yako alfajiri. Sentensi yako ya kwanza iwe: "Nina miezi tisa, mikono yote miwili, inakaza mpaka saa nne." Ya pili: "Nanyonyesha." Atakupima damu kuangalia uvimbe na kile kipimo cha rumatoidi fakta, kinachotafuta alama ya baridi yabisi katika damu. Kikija kimekataa usifukuzwe nacho, kwa sababu kwa wagonjwa wengi hukataa na maradhi wanayo. Picha ya eksirei nayo mwanzoni inaweza kuonesha mifupa salama.

Ikithibitika, tiba yenyewe ni dawa za kuituliza kinga. Inayotangulia duniani kote ni methotreksati, na hapa ndipo watu wanapokufa kwa kutosoma: hunywewa mara moja kwa wiki, siku maalumu, kama Ijumaa, si kila siku. Hufuatana na vidonge vya foliki asidi, na damu na ini hupimwa kila baada ya muda. Hainywewi na mjamzito kwa kuwa huharibu mimba, wala na anayenyonyesha. Kwa hiyo ama utakuwa umemwachisha mtoto na una uzazi wa mpango wa kuaminika, ama daktari ataanza na nyengine. Haidroksiklorokwini, ambayo asili yake ni dawa ya malaria, huruhusiwa hata kwa mwenye mimba na anayenyonyesha, ila macho huhitaji kuangaliwa kadiri miaka inavyokwenda. Zote hizi ni za polepole: wiki sita, nane, hata kumi na mbili kabla hujaona tofauti. Wengi huziacha wiki ya tatu wakarudia mfuko wa nailoni kwa kuwa ule unafanya kazi usiku mmoja. Usiwe wewe.

Nitaje haraka mawili usije ukachanganya siku za mbele. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawaka moto na homa juu, hasa kwa mtoto, huenda ni usaha ndani yake, na unaweza kukiharibu kwa siku chache. Hapo usisubiri Jumatatu. Na homa kali iliyofuatiwa na maumivu ya viungo vyote inaweza kuwa chikungunya, kirusi cha mbu kilichogunduliwa mwaka 1952 huku huku kwetu Tanzania, upande wa Makonde kusini mwa bara. Viungo vyake huweza kuuma miezi. Wewe hukusema homa, kwa hiyo napita.

Kwa fundi. Dua endelea nazo, kukandwa kwa maji ya moto ni sawa, na mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kupakwa juu ya ngozi nzima hayana neno, ila unawe mikono vizuri kabla ya kumnyonyesha mtoto, na chupa uiweke mbali naye, mafuta ya karafuu ni sumu kwa mtoto akiyanywa. Kuchanjwa, hapana. Wembe juu ya kiungo kilichovimba, kwa mtu anayekula steroidi inayodhoofisha kinga na kuchelewesha vidonda kupona, ni kufungua njia ya usaha, na wembe wa kuchangia una homa ya ini na ukimwi.

Kumwambia hivyo mavyaa usikufanye wewe. Mume wako ndiye mwenye mama. Na asimwambie "mke wangu hataki", amwambie "mama, tumbo lako linanitia wasiwasi, nataka ukapimwe sukari na presha, na mkweo huyu akufuate akaoneshe mikono." Mnakwenda wawili, yeye akiwa mgonjwa mkubwa na wewe msindikizaji. Naijua heshima ya nyumba zetu. Mlango huo hufunguka pale wa mabishano unapofungwa.

Pwani usiiache. Kiungo kisichotumika hukauka, na mwani ni riziki yako. Ila siku ambazo vidole vimewaka, mwachie wifi au jirani kufunga taitai, wewe panga mbegu au anika. Mwani uliolowa usiubebe kwa vidole, utie kwenye kapu ulipitishe mkononi karibu na kiwiko, au mbebe wawili. Asubuhi loweka mikono katika maji ya vuguvugu, ufunge na kufungua ngumi taratibu kabla ya kazi yoyote. Mpini wa kisu na wa upawa uzungushie kitambaa uwe mnene, kwani kushika kitu chembamba ndiko kunakoumiza. Nazi akune binti yako mkubwa, na tui akamue baba yake, mikono anayo.

Binti zako: hatari yao ni kubwa kidogo kuliko ya watoto wengine, lakini watoto wengi wa wenye baridi yabisi hawaipati kabisa. Kinachojulikana kuiongeza sana ni sigara. Mume wako akivuta, na avute mbali na hapo nyumbani, au aache.

Na kama daktari wa kwanza atakuangalia dakika mbili akakuandikia vidonge vya maumivu tena, usiondoke kwenye kiti. Muulize: "Hii inazuia vidole visipinde, au inazuia kuuma tu?" Akijibu kuuma tu, omba barua ya rufaa papo hapo, na uniandikie walichosema Chake.

Shangazi